Uzi: Kompyuta ya gemu kwa hela ndogo, kuunda na kuboresha bila kununua kitu mara mbili

Mzee wa Feni

Wakuu, salaam.

Swali la "nina hela kidogo, nataka kompyuta ya gemu, nichukue nini?" haliishi, na majibu yake huwa ni kutajiana kadi za picha tu. Huyu anataja yake, yule anamcheka, na muulizaji anaondoka na jina la kadi ambayo kompyuta yake haiwezi hata kuiwasha. Nimeamua kuandika kwa kirefu. Wenye ya kuongeza waongeze, wenye kupinga wapinge kwa hoja.

Msimamo wangu: mwenye hela ndogo haumizwi sana na bei ya kadi. Anaumizwa na kununua kitu kilekile mara mbili. Leo anachukua pawa saplai ya bei ya kutupa, kesho anapata kadi nzuri, pawa saplai inagoma, anarudi dukani. Leo madabodi ya soketi (tundu la prosesa) iliyokufa, kesho prosesa mpya haiingii, anabadilisha madabodi, prosesa na RAM kwa mkupuo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kadi gani, jiulize mashine hii itanifikisha wapi nikipata hela tena.

Njia ninazozijua zenye akili ni tatu: kompyuta ya ofisi ya mtumba unayoiongezea kadi, kuunda mwenyewe kwa soketi ya AM4 ya AMD, au kuanza na prosesa yenye picha ndani na kuacha kadi ije baadaye.

Nianze na za ofisi maana ndiko wengi wanakoanzia. Nazungumzia Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre na jamaa zao. Maofisi huziondoa kwa wingi, kwa hiyo unapata prosesa, madabodi, RAM na kasha kwa bei ambayo ukinunua kimoja kimoja hufiki. Ila kuna mitego.

Kizazi cha prosesa. Intel kizazi cha 3 kurudi nyuma, achana nacho hata ukipewa kwa bei ya soda. Hakina AVX2, yaani seti ya maagizo ya hesabu ndani ya prosesa, na zipo gemu mpya ambazo bila AVX2 hazifunguki kabisa, hata uwe na kadi ya aina gani. Kizazi cha 4 kinayo, lakini ukiweza lenga cha 8. Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia hapo rasmi, na Windows 10 Microsoft walifunga msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Halafu i5-8500 ina kori 6 (viini vya prosesa), wakati i5-6500 na i5-7500 zina kori 4. Kwenye gemu za leo zenye dunia kubwa hilo utaliona kwa macho: kori 4 zote ziko asilimia 100, na picha inashtukashtuka kila unapogeuka.

Kasha. Yale mashine membamba ya kulaza juu ya meza yanapokea kadi za nusu kimo tu, na hizo ni chache na wauzaji wanajua ni chache. Chukua kasha refu la kusimama.

Umeme. Hapa ndipo watu wanapolia. OptiPlex nyingi za vizazi hivyo zina pawa saplai ya wati 240 hadi 290, hazina waya wa ziada wa kulishia kadi, na plagi inayoingia kwenye madabodi ina pini chache kuliko 24 za kawaida. Ukitaka kuweka pawa saplai ya kawaida itabidi utafute waya wa kugeuzia. Upo, unafanya kazi, lakini ukague kama kasha lina nafasi pia. Bila hivyo unabaki na kadi zinazokula umeme wa sloti peke yake, na sloti ya PCIe, ile kadi inapochomekwa, mwisho wake ni wati 75.

Kadi za namna hiyo ninazoweza kumshauri mtu: GTX 1650 ya 2019, ile isiyo na tundu la waya, maana matoleo yako tofauti, na RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka Februari 2024, inayokula wati 70. Hii ya pili ndiyo mfalme wa kompyuta za ofisi kwa sasa. Usiichanganye na RTX 3050 ya GB 8. Jina moja, lakini ile inataka waya. Kuna pia RX 6400 ya wati 53, nafuu kwelikweli, lakini inatumia njia 4 tu za PCIe. Kwenye madabodi ya PCIe 4.0 hainung'uniki. Kwenye hizi za ofisi za 3.0, ile GB 4 yake ikijaa tu, fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zinaporomoka. Na haina uwezo wa kurekodi video kwa maunzi, kwa hiyo wanaorusha gemu mubashara waipite.

Nipumzike hapo. Maswali.

Gemu Usiku

Mkuu umeandika vizuri ila umeziruka GTX 1060 ya GB 6 na GTX 1070. Mtumbani ziko bwerere na zinaipiga hiyo 1650 bila huruma. Mimi niko na 1070 na kila ninachocheza kinacheza. Kwa nini mtu asichukue hizo?

Mzee wa Feni

Mkuu, kama unayo tayari, kaa nayo. Nisingeuza 1070 inayofanya kazi. Ila kumshauri mtu aingie nayo leo ni habari nyingine.

Moja, NVIDIA walitangaza kwamba draiva za mfululizo wa 580 ndizo za mwisho kwa kadi za Maxwell na Pascal, yaani GTX 900 na GTX 10 zote. Draiva za kuzilenga gemu mpya ziliishia Oktoba 2025. Kilichobaki ni viraka vya usalama hadi Oktoba 2028. Gemu ya mwaka kesho ikija na kasoro kwenye kadi yako, hakuna atakayeirekebisha.

Mbili, gemu zimeanza kudai uwezo wa kufuatilia miale kwenye maunzi yenyewe, siyo kama pambo la kuzima na kuwasha. Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 inadai hivyo, Doom: The Dark Ages ya 2025 vilevile. GTX 1080 Ti, yenye nguvu zote zile, mlangoni inazuiwa. RX 6600 inaingia.

Kwa anayecheza gemu za mashindano tu na za zamani, haya hayamhusu, na 1060 itamtunza. Kwa mwingine, nasema RX 6600 ya 2021 ndiyo kizingiti. GB 8, wati 132, tundu moja la waya wa pini 8.

Binti Koda

Habari kaka. Mimi nina OptiPlex yenye i5-6500, kasha refu, RAM GB 8 na hadidiski ya kawaida. Haina kadi. Hela inakuja kidogo kidogo, siwezi kununua vyote kwa pamoja. Nianze na kipi?

Mzee wa Feni

Dada yangu, anza na SSD. Najua siyo jibu tamu, lakini kwenye hadidiski gemu za sasa zinafunguka huku zikivuta vitu kutoka diski muda wote, na utakuwa unailaumu kadi kwa kosa la diski. SSD ya SATA inatosha. Ukikuta madabodi yako ina sloti ya M.2, vizuri, lakini usiumie kichwa, tofauti ya SATA na NVMe, zile SSD za kasi za kwenye M.2, kwenye gemu ni ndogo kuliko wauzaji wanavyosema.

Pili RAM, na hapa fungua CPU-Z, programu ya kusoma maunzi, kabla hujatoa senti. Angalia kwanza ni DDR3L au DDR4, maana kompyuta za kizazi cha 6 zilitoka kwa aina zote mbili na hazichanganyiki. Kisha angalia kama GB 8 zako ni kijiti kimoja au viwili. Kikiwa kimoja, ongeza kingine cha GB 8. Unapata GB 16, na prosesa inaanza kusoma kwa njia mbili kwa pamoja. Watu wengi wamebadilisha kadi wakati tatizo lilikuwa kijiti kimoja. Usinunue RAM ya kasi ya 3200 kwa bei ya juu, i5-6500 inaishia 2133, itashushwa tu.

Kadi iwe ya tatu, na kwa mashine yako ni ile 3050 ya GB 6. Monita uichomeke kwenye kadi, usiichomeke kwenye madabodi. Nasema hivyo kwa sababu kila baada ya muda anatokea mtu anayelalamika kadi mpya haina tofauti, kumbe waya uko tundu la zamani.

Kijiti Kimoja

Jina langu limetajwa 😂

Naongezea hapo kwa RAM: mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipaa dunia nzima, kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vinanyonya uzalishaji. SSD nazo zikafuata. Kwa hiyo ushauri wa zamani wa "RAM utaongeza baadaye, ni rahisi" upimwe upya. Ukikuta kompyuta ya ofisi inayokuja na GB 16 ndani, piga hesabu ya hizo RAM peke yake kabla ya kusema ni ghali.

Fundi Pole

Wakuu niingilie kwenye pawa saplai, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku na ndiyo inayoniletea wateja wenye nyuso ndefu.

Geuza pawa saplai, soma jedwali la ubavuni. Ile namba kubwa yenye rangi, 500W au 600W, iache kwanza. Tafuta mstari wa +12V, ndio unaolisha prosesa na kadi. Nina moja hapa mezani sasa hivi, imeandikwa 500W kwa herufi za kung'aa, na +12V yake ni 18A. Zidisha: 12 mara 18 ni 216. Hizo ndizo wati zako. Zilizobaki wamezijumlisha kutoka mistari ya 3.3V na 5V, ambayo kompyuta ya leo haiitumii sana. Ukiishika ni nyepesi kama kopo tupu la maziwa ya unga, na ukichungulia kwenye matundu ya feni unaona nafasi za vipuri kwenye bodi ambazo hazikuwahi kujazwa.

Pawa saplai ya wati 550 yenye maana inakuwa na +12V ya ampea 42 hivi, yaani zaidi ya wati 500 ziko kwenye mstari unaohitajika. Hiyo inabeba prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya RX 6600 bila kutoka jasho, na inaacha nafasi ya kadi kubwa zaidi kesho.

Na nembo ya 80 Plus inakuambia umeme kiasi gani unapotea kama joto. Haikuambii kama kuna ulinzi wa kutosha pale umeme unapozidi. Tafuta majaribio ya modeli husika, siyo rangi ya nembo. Na zile waya za kugeuza plagi za SATA kuwa pini 6 za kadi, tafadhali sana. Plagi ya SATA haikutengenezwa kubeba mzigo huo, nimeziona zimeyeyuka hadi plastiki imeshikana na waya.

Kori Nyingi

Mbona hakuna anayezungumzia Xeon, prosesa za seva za Intel? Unapata E5 yenye kori 10 au 12, madabodi ya Kichina na RAM za seva, vyote kwa bei ndogo. Mimi naona ndiyo njia bora kuliko hayo ma-OptiPlex.

Mzee wa Feni

Inategemea unafanya nini. Ukiwa unarenda video au una mashine pepe kadhaa, nakubali. Kwa gemu, kori 12 zinazokwenda polepole hazizidi kori 6 zinazokimbia, kwa sababu gemu nyingi bado zinaegemea kori chache. Na angalia herufi ya mwisho: E5 za v2 hazina AVX2, tumeshalisema hilo. Za v3 na v4 zinayo. Tatizo langu kubwa lakini ni hizo madabodi. BIOS yake (programu ya kuwashia madabodi) ikileta shida huna wa kumuuliza, na mashine nzima inakula umeme mwingi kwa fremu unazopata. Na hakuna pa kwenda kutoka hapo. Ukichoka, unauza vyote.

Kori Nyingi

Yangu ina mwaka na ushee haijaniangusha.

Mzee wa Feni

Na Mungu aibariki. Siiondoi kwenye orodha ya watu, naiondoa kwenye ya kwangu.

Mama Pikseli

Nina swali la AM4. Mdogo wangu anataka kuunda mwenyewe, amekuta madabodi ya B450 ya mtumba na Ryzen 5 2600. Wengine wanamwambia AM4 imekufa, asubiri aingie AM5. Mnasemaje?

Mzee wa Feni

Dada, AM4 haijafa, imezeeka vizuri. B450 ilitoka 2018 na inapokea Ryzen 5 5600 ya 2022, hata 5700X3D ya 2024. Mtu anaanza na 2600 leo, akipata hela anang'oa prosesa peke yake, anaweka nyingine, na RAM, diski, kadi vyote vinabaki. Hicho ndicho nilichokuwa nakisema mwanzo. Ni soketi chache sana zimewahi kumpa mtu safari ndefu hivyo.

Sharti ni BIOS. Ni lazima isasishwe wakati ile 2600 bado iko ndani, ndipo abadilishe. Akibadilisha kwanza atawasha na kukuta kioo cheusi, atadhani ameuziwa prosesa mbovu. Baadhi ya madabodi zina kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa, lakini asitegemee hadi aone kitufe chenyewe. Na akiwa humo kwenye BIOS awashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, la sivyo RAM ya 3200 itatembea kwa kasi ya chini miaka yote na hatajua.

AM5 ni nzuri, AMD wameahidi kuiendeleza hadi 2027 na kuendelea. Ila inakubali DDR5 tu, na kwa bei za RAM zilivyo, sioni mwenye hela ndogo anafanya nini huko kwa sasa.

Binti Koda

Na ile njia ya tatu, ya prosesa yenye picha ndani, umeiahidi hujaisema.

Mzee wa Feni

Kweli. Ryzen 5 5600G kwa AM4, au 8600G kwa AM5. Hizi unawasha bila kadi na unacheza gemu nyepesi kwa 1080p, nzito kwa kushusha kila kitu. Lazima RAM iwe vijiti viwili, kwa sababu picha zinakula RAM hiyohiyo. Kasoro yake: 5600G ina kumbukumbu ya ndani ya prosesa (kashe) MB 16, nusu ya 5600 ya kawaida, kwa hiyo siku ukiweka kadi nzuri itakuwa nyuma kidogo. Kama una uhakika kadi inakuja ndani ya miezi michache, chukua 5600 uazime kadi yoyote ya kuonyeshea picha. Kama hujui itakuja lini, 5600G.

Gemu Usiku

Nimekubali ya draiva. Sasa nifundishe kitu: nitajuaje kama ni kadi inayonirudisha nyuma au prosesa? Ile mitandao ya kukokotoa kwa asilimia kipi kinamchelewesha mwenzake sijawahi kuielewa.

Mzee wa Feni

Usiielewe, iache. Weka MSI Afterburner, ionyeshe namba juu ya gemu wakati unacheza. Ondoa kikomo cha fremu kwanza. Kadi ikiwa asilimia 95 hadi 99 muda mwingi, kadi ndiyo imefika mwisho, na hapo kushusha ubora wa picha au kuwasha FSR, inayochora picha ndogo kisha kuikuza, kutakupa fremu. Kadi ikiwa 60 na fremu hazipandi, prosesa inaishikilia. Shusha 1080p hadi 720p uone: fremu zikibaki palepale, umepata jibu. Usiangalie jumla ya matumizi ya prosesa, angalia kori moja moja, maana kori moja inaweza kuwa imejaa huku jumla inasoma 40.

Cha tatu ni kumbukumbu ya kadi. Ikijaa, wastani wa fremu unaonekana mzuri lakini picha inakwama ghafla. Shusha ubora wa teksicha tu, acha vingine.

Na joto. Mashine ya mtumba, kabla ya kuituhumu chochote, fungua, puliza vumbi, badilisha pesti ya prosesa. Utashangaa ni "prosesa dhaifu" ngapi zilikuwa zinajipunguza kasi kwa joto.

Fundi Pole

Kwa wanaonunua kadi za mtumba, fungua GPU-Z, programu ya kusoma kadi, mbele ya muuzaji. Kadi iliyobadilishwa BIOS ili ijiite jina kubwa, programu hiyo huiandika FAKE mwanzoni mwa jina. Za kughushi zinazozunguka sana zinajiita GTX 1050 Ti, ndani ni chipu ya enzi za GTX 500. Hata bila programu: ukiona tundu la VGA la bluu kwenye kitu kinachoitwa 1050 Ti, anza kutilia shaka. Halafu iendeshe FurMark au Heaven, programu za kuitesa kadi, dakika kumi na tano huku unaangalia joto na kusikiliza feni. Muuzaji anayekataa hilo, mshukuru uondoke.

Kadi zilizotoka kwenye uchimbaji wa sarafu za kidijitali siziogopi sana, feni na pedi za joto hubadilishwa. Ninachoogopa ni prosesa za i7 na i9 za Intel kizazi cha 13 na 14 za mtumba. Zilikuwa na tatizo la volti lililokuwa linaziharibu polepole. Intel walitoa marekebisho ya kulizuia mwaka 2024, lakini iliyokwishaharibika hairudi. Na huwezi kujua ya kwako iliishi vipi kabla ya hapo.

Mama Pikseli

La mwisho kutoka kwangu. Mdogo wangu anataka Battlefield 6 na Valorant, anaambiwa Secure Boot (ulinzi wa kuwasha kompyuta) haijawashwa, na akiiwasha kompyuta haiingii Windows.

Mzee wa Feni

Windows yake imewekwa kwa mtindo wa zamani, diski ni MBR, mpangilio wa zamani. Asiformati. Ahifadhi nakala ya vitu vyake kwanza, halafu atumie mbr2gpt, chombo kilichomo ndani ya Windows yenyewe, kuigeuza diski kuwa GPT, mpangilio mpya. Baada ya hapo aingie BIOS, azime CSM (njia ya zamani ya kuwasha), awashe TPM (sehemu ya usalama), ambayo kwenye Ryzen imeandikwa fTPM na kwenye Intel PTT, ndipo awashe Secure Boot. Akizima CSM na kioo kikabaki cheusi, kadi yake ni ya zamani mno kuelewa UEFI, njia mpya ya kuwasha. Ni kadi gani hiyo aliyonayo?

Mama Pikseli

GT 610, ya kuazima.

Mzee wa Feni

Basi asihangaike na BIOS wiki hii. Na hata ingekubali kuwaka, Battlefield 6 kwa GT 610 haichezeki. Asubiri kadi.